Jinsi ya Kuipata Michezo ya Ubao, Mafumbo na Michezo ya Bure Mtandaoni Isiyojulikana na Wengi

Ukitafuta mtandaoni "michezo ya ubao ya kipekee", utaletewa majina yaleyale ukurasa baada ya ukurasa, kwa kuwa waandaaji wa orodha hizo wananakiliana. Michezo mizuri isiyojulikana ipo kwa maelfu, na mingi inachezwa bure, ila haipatikani kwa kutafuta sifa. Inapatikana kwa kufuata utaratibu wake, yaani kile hasa anachofanya mchezaji zamu yake ikifika.

Kwa hiyo, kabla hujafungua tovuti yoyote, chukua mchezo mmoja unaoupenda kweli na uueleze kwa kitenzi. Unaunganisha? Unamzibia mwenzako njia? Unakisia kanuni iliyofichwa? Unagawa kete kwenye mashimo na kula za mwenzako? Kitenzi hicho ndicho uzi wa kufuata. Anayefurahia kuunganisha aanzie Hex, kisha aende Havannah na TwixT. Anayefurahia kuziba njia ataipenda Quoridor, na baada yake Amazons, mchezo wa Walter Zamkauskas wa Argentina uliobuniwa mwaka 1988. Mpenzi wa bao, lenye safu 4 za mashimo 8 na kete 64, atakuta ukoo mzima wa mancala ukimngoja, kuanzia mbao za safu 2 hadi za safu 4, na karibu kila mmoja una namna yake ya kula. Anayependa kukisia aitafute Eleusis, mchezo wa karata aliouvumbua Robert Abbott mwaka 1956, na baada yake Zendo. Ukishajua jina la utaratibu, kila mchezo unaoupata unakuonyesha mwingine.

Kutumia BoardGameGeek bila kupotezwa na orodha ya ubora

Hazina kubwa kuliko zote ni tovuti ya BoardGameGeek, iliyoanzishwa mwaka 2000 na sasa ina zaidi ya michezo 100,000. Wageni wengi hufungua orodha ya mia bora na kuishia hapo. Orodha hiyo haikusaidii kwa kazi hii, na sababu yake inafaa kueleweka. Nafasi ya mchezo haipangwi kwa wastani halisi wa alama zake. Kabla ya kukokotoa, tovuti huuongezea kila mchezo rundo la kura bandia zenye alama za katikati, ili mchezo uliopigiwa kura na marafiki wachache wa mbunifu usipande kileleni. Nia ni njema, lakini matokeo yake ni kwamba mchezo wenye wapiga kura 200 walioupenda sana huzama chini ya mchezo wa wastani wenye wapiga kura 20,000. Unachokitafuta wewe kimezama hukohuko chini.

Fungua ukurasa wa utafutaji wa kina. Chagua utaratibu mmoja tu kwenye orodha ya taratibu, kwa sababu ukichagua mitatu kwa pamoja utabaki na matokeo mawili au usipate kitu. Weka idadi ya chini ya wapiga kura iwe 50, na wastani wa chini uwe 7. Kiwango cha ugumu hupimwa kwa alama 1 hadi 5. Kwa kuanzia weka kikomo cha 2.5, maana ukivuka 3 utakutana na vitabu vya kanuni vya kurasa 20 na zaidi. Ondoa nyongeza za michezo ili zisijaze matokeo. Kisha panga kwa wastani, usipange kwa nafasi.

Ukifika kwenye ukurasa wa mchezo wenyewe, soma maoni ya waliotoa alama za chini kwanza. Anayelalamika kwamba "hakuna bahati hata kidogo, ni kufikiri tu" anaweza kuwa anakusifia mchezo unaoutafuta, wakati anayesema "mtu aliyetangulia hawezi kukamatwa tena" anakutajia kasoro ya kweli. Halafu tazama kura za wachezaji kuhusu idadi inayofaa. Boksi likisema mchezo ni wa watu 2 hadi 5, mara nyingi wachezaji wenyewe watakwambia kwamba ni mzuri kwa watu 3 na unachosha kwa 2.

Tuzo ya Spiel des Jahres ya Ujerumani, inayotolewa tangu 1979, nayo ni njia nzuri, ila usiangalie mshindi peke yake. Kila mwaka jopo hutoa pia orodha ya michezo inayopendekezwa, na humo ndimo hujificha ile isiyo ya kawaida.

Mfuate mbunifu

Ukipata mchezo mmoja uliokushika, jina la mbunifu wake lina thamani kuliko jina la kampuni iliyouchapisha. Mtu aliyefikiria jambo geni mara moja huwa amelifikiria zaidi ya mara moja. Kris Burm wa Ubelgiji alitoa GIPF mwaka 1997, kisha akaendelea na mfululizo mzima: ZÈRTZ, ambamo wachezaji wote wawili wanatumia kete zilezile na ubao wenyewe unapungua kadiri mchezo unavyokwenda; DVONN, wa kupandanisha kete kuwa minara; YINSH, wa pete na kete zinazogeuka rangi. Ukimjua mmoja wao, ndugu zake wote umeshawapata.

Na kuna mbunifu ambaye si mtu. Mwaka 2007, programu iitwayo Ludi, iliyoandikwa na Cameron Browne kwa ajili ya utafiti wake wa shahada ya uzamivu, ilitunga mchezo unaoitwa Yavalath. Kanuni zake zinatosha kwenye mistari miwili: wachezaji wanaweka kete zamu kwa zamu, ukipata kete 4 mfululizo kwenye mstari umeshinda, lakini ukipata 3 mfululizo kabla ya kufika 4, umeshindwa. Ni mchezo bora kabisa wa kuanza nao, kwa sababu unahitaji karatasi na vifungo vya rangi mbili tu.

Chora safu 9 za miduara: 5, 6, 7, 8, 9, 8, 7, 6, 5. Jumla ni vyumba 61. Kila safu isogezwe nusu ya mduara kulinganisha na ile ya juu yake, ili kila chumba cha ndani kiguse vingine sita: viwili kwenye safu yake, viwili juu, viwili chini. Miduara ya sentimita 2 inatosha kwenye karatasi ya A4. Hapa ndipo wengi hukosea: wanahesabu mstari wa wima, kutoka juu moja kwa moja kwenda chini, na mstari huo haupo. Kuna mielekeo mitatu tu, mmoja wa mlalo na miwili ya mshazari. Chora mistari mitatu ya rangi kupita katikati ya ubao kama ukumbusho na tatizo litaisha.

Sasa angalia safu ya katikati yenye vyumba 9. Tuseme mweupe ana kete kwenye chumba cha 3, cha 4 na cha 6. Hana tatu mfululizo, kwa hiyo yuko salama, lakini akijaza cha 5 anakuwa na nne na ameshinda. Mweusi hana hiari, lazima aingie cha 5. Utamu wote wa mchezo uko hapo: ikiwa chumba cha 5 kinamkamilishia mweusi tatu kwenye mshazari, amelazimishwa kujimaliza mwenyewe. Kwa hiyo mchezaji mzuri wa Yavalath hatafuti nne zake. Anaangalia ni wapi mwenzake hawezi kuweka kete, kisha anamlazimisha aweke hapohapo. Kwa kuwa anayeanza ana faida, mchezaji wa pili anaruhusiwa, badala ya kuweka kete yake ya kwanza, kuchukua upande wa mwenzake.

Kanuni hiyo ya kubadilishana upande ikariri, maana utaihitaji kwenye michezo mingi ya aina hii. Hex, aliyoivumbua Piet Hein mwaka 1942 na ambayo John Nash aliifikia peke yake miaka michache baadaye, haiwezi kuisha kwa sare. Mmoja lazima aunganishe kingo zake mbili. Lakini anayeanza akiweka kete katikati ya ubao wa 11 kwa 11, mwenzake ana kazi kubwa mno. Ukiruhusu kubadilishana, anayeanza analazimika kuchagua mahali pasipo pazuri sana wala pabaya sana, na mchezo unarudi kuwa wa haki. Wanaosema Hex haina ladha mara nyingi waliicheza bila kanuni hiyo.

Soma kanuni kabla ya kuamini

Mchezo mgeni unaweza kuonekana mtamu kwenye maelezo na kuharibika mezani. Kabla ya kukusanya vifaa, tafuta majibu ya mambo manne kwenye kanuni zake. Mchezo unaishaje, na je, kuna hakika utaisha? Kama kete zinaweza kurudi nyuma bila kikomo, na hakuna kanuni ya kuzuia kurudia hali ileile, wachezaji wawili waoga watazunguka hadi wachoke. Sare inaamuliwaje? Mchezaji asiye na hatua halali anashindwa, anapita zamu, au mchezo unasimama? Na anayeanza ana faida gani, na inapunguzwa vipi? Kanuni zisipojibu hayo, tafuta toleo jingine la kanuni hizo kabla ya kuulaumu mchezo.

Uangalifu uwe mkubwa zaidi kwa michezo ya kale. Mchezo wa kifalme wa Ur ni mfano mzuri. Mbao zake zilifukuliwa na Leonard Woolley katika miaka ya 1920 na zina umri wa zaidi ya miaka 4,000, lakini kanuni zinazochezwa leo zinatokana na kibao cha udongo cha Babeli cha mwaka 177 hivi kabla ya Kristo, kilichosomwa na Irving Finkel wa makumbusho ya Uingereza. Kati ya ubao na kibao pana zaidi ya miaka 2,000. Ndiyo maana utakuta njia tofauti za kete na idadi tofauti za vituo salama. Yote ni makadirio ya wasomi. Chagua seti moja na ushikamane nayo, usichanganye. Kwa kuujaribu unahitaji ubao wa vyumba 20, kete 7 kwa kila mchezaji na sarafu 4 badala ya dadu za pembetatu. Rusha zote, hesabu zilizoonyesha upande wa picha. Utapata 0 hadi 4, na 2 itatokea mara nyingi zaidi: nafasi 6 kati ya 16, wakati 4 ina nafasi 1 tu.

Karatasi yenye miraba inatosha kujaribia michezo mingi mno. Amazons inachezwa kwenye ubao wa 10 kwa 10, kila mchezaji akiwa na kete 4 zinazotembea kama malkia wa sataranji, yaani upande wowote na umbali wowote palipo wazi. Ukishasogeza kete, inarusha mshale unaosafiri vilevile na kuziba daima chumba unapotua. Asiyeweza kusogea ameshindwa. Mishale inaweza kufika 92, na hakuna mwenye vifungo vingi hivyo, kwa hiyo ivike miraba kivuli kwa penseli. Quarto nayo ni rahisi kuitengeneza: kadi ndogo 16, kila moja ikiwa na mchanganyiko wake wa sifa nne (ndefu au fupi, nyeusi au nyeupe, duara au mraba, tupu au iliyojaa), na ubao wa 4 kwa 4. Mwenzako ndiye anayekuchagulia kadi ya kuweka, na anayekamilisha mstari wa kadi nne zenye sifa moja ya pamoja anashinda. Kadi zote zisipokuwa tofauti, mchezo umevunjika, hivyo zihesabu kwa mpangilio: 8 ndefu, na kati ya hizo 4 nyeusi, na kati ya hizo 2 duara, na kuendelea.

Eleusis inataka karata za kawaida tu. Mmoja anaandika kanuni ya siri kwenye kikaratasi, wengine wanaweka karata na kuambiwa kama ni sawa au si sawa, hadi mtu aigundue. Inaharibika kwa sababu ileile kila mara: mtunga kanuni huona kanuni yake ni nyepesi kwa kuwa anaijua tayari. Kwa mara ya kwanza tumia "nyekundu ifuatwe na nyeusi, nyeusi ifuatwe na nyekundu". Itachukua muda mrefu kuliko unavyodhani.

Kucheza mtandaoni bure

Board Game Arena, iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 2010, ina mamia ya michezo inayochezwa kwenye kivinjari bila kupakua kitu, na kanuni zinasimamiwa na mashine yenyewe, hivyo huwezi kufanya hatua haramu. Baadhi ya michezo, meza yake hufunguliwa na mwanachama anayelipa tu, lakini asiyelipa anaruhusiwa kukaa kwenye meza aliyoifungua mwingine. Kwa hiyo tafuta meza zilizo wazi kabla ya kukata tamaa. Kwa mchezo mgeni, pitia kwanza somo lake la ndani kama lipo, kisha chagua meza ya mazoezi isiyohesabu alama. Kosa linalowaudhi wengine ni kuanza mchezo wa papo kwa papo huku una dakika kumi tu. Kama muda ni mchache, chagua mchezo wa zamu kwa zamu wenye hatua moja kwa siku.

Lichess, tovuti ya sataranji, ni ya bure kabisa, haina matangazo, na inaendeshwa kwa michango. Wengi wanaijua kwa sataranji ya kawaida na hawajawahi kufungua orodha ya aina nyingine. Humo mna Atomiki, ambamo kula kete kunalipua kila kilicho jirani isipokuwa askari wadogo wa mbele. Aina ambayo anayetoa shaha ya tatu anashinda. Nyingine ambayo mfalme akifika katikati ya ubao mchezo umekwisha. Na ile ya kinyume, ambamo kula ni lazima na anayebaki bila kete ndiye mshindi. Kwa mtu anayejua sataranji, hizi ni michezo mipya isiyohitaji kujifunza mwendo wa kete.

Kwa anayetaka kwenda mbali zaidi, programu ya Ludii ndiyo mlango wenyewe. Ilitengenezwa katika Chuo Kikuu cha Maastricht chini ya Cameron Browne yuleyule, na ina zaidi ya michezo 1,000, mingi ikiwa ya jadi kutoka kila pembe ya dunia. Inataka kompyuta yenye Java. Faili lisipofunguka ukilibofya, karibu kila mara ni Java ndiyo inayokosekana au ni ya zamani. Kwa michezo ya kale ambayo kanuni zake zimeundwa upya utakuta seti kadhaa za kanuni kwa mchezo mmoja. Soma maelezo ya kila seti uone inatoka kwenye chanzo gani.

Mafumbo ya mantiki: jina moja, sura nyingi

Sudoku ni mtoto mmoja tu wa familia kubwa. Kampuni ya Nikoli ya Japani, ambayo jarida lake lilianza mwaka 1980, ilikuza aina kadhaa za mafumbo ambayo mtu hayahitaji lugha yoyote kuyafumbua: Slitherlink, Masyu, Nurikabe, Hashiwokakero, Heyawake. Tatizo la anayetafuta ni kwamba kila tovuti inayabatiza upya. Mkusanyiko wa Simon Tatham, ulio bure kwenye kivinjari, kompyuta na simu, unaiita Slitherlink kwa jina la Loopy, Masyu ni Pearl, Hashiwokakero ni Bridges. Ukikosa fumbo kwa jina moja, litafute kwa kanuni zake. Mkusanyiko huu tunaupendekeza kuliko mingine yote kwa anayeanza: hauna matangazo, kwenye simu unafanya kazi bila intaneti, na ukubwa wa kila fumbo unauchagua mwenyewe.

Anza na Slitherlink ya 5 kwa 5 au 7 kwa 7. Una nukta, na unaziunganisha kwa mistari ili kupata kitanzi kimoja kisichojikata. Namba ndani ya kisanduku inasema pande ngapi kati ya nne zina mstari. Ukiona 3 kwenye kona ya ubao, chora mara moja pande zake mbili za nje. Sababu: nukta ya kona ina njia mbili tu, kwa hiyo kitanzi kinapita zote mbili au hakipiti hata moja, kisipopita, kisanduku kinabaki na pande 2 na 3 haiwezekani. Kwa hoja hiyohiyo, 1 kwenye kona inafuta pande zote mbili za nje. Na 3 mbili zikikaa bega kwa bega, upande wanaogawana pamoja na pande mbili za nje zinazolingana nao zote zina mstari, isipokuwa kitanzi chote kiwe kinavizunguka visanduku hivyo viwili tu.

Wanaokwama karibu wote wana tabia moja: wanachora mistari iliyopo na hawaweki alama ya mkato pale ambapo mstari hauwezi kupita. Mikato hiyo ndiyo nusu ya ushahidi. Ukifuta pande nne za kila 0 kwanza, mara nyingi robo ya ubao inajifungua yenyewe. Usikisie. Fumbo lililotungwa vizuri lina jibu moja na linafikiwa kwa hoja. Ukikisia na kukosea, utaligundua kosa ukiwa umeshachora mistari arobaini na hujui ulipopotea.

Mafumbo ya mashine yanatosha kwa mazoezi, lakini yaliyotungwa kwa mkono yana njia iliyopangwa, na ukishaonja tofauti hiyo hutarudi nyuma. Mahali pazuri pa kuyapata ni mashindano. Ubingwa wa dunia wa mafumbo ulianza mwaka 1992 huko New York, na kabla ya kila shindano hutolewa kijitabu cha maelekezo chenye kanuni na mifano, ambacho chenyewe ni orodha ya aina ambazo hujawahi kuziona. Kwa sudoku za ajabu, tazama chaneli ya Cracking the Cryptic kwenye YouTube. Moja iliyosambaa sana mwaka 2020, ya Mitchell Lee, ilikuwa na tarakimu mbili tu zilizotolewa kwenye visanduku 81. Kanuni tatu za ziada ndizo zilizoibana mpaka ikawa na jibu moja. Jaribu kila fumbo mwenyewe kwa nusu saa kabla ya kutazama linavyofumbuliwa.

Michezo midogo ya kivinjari

Huku ndiko kwenye takataka nyingi zaidi, na ndiko kwenye ubunifu mkubwa zaidi. Kwenye tovuti ya itch.io, chuja kwa michezo ya bure inayochezwa kwenye kivinjari, chagua lebo ya mafumbo, kisha ongeza lebo ya pili iliyo adimu. Lebo moja inakuletea maelfu, mbili zinakuletea kurasa chache zinazosomeka. Kama intaneti yako ni ya kupima, tafuta michezo ya shindano la js13kGames, lililoanza mwaka 2012: kila mchezo, ukibanwa, hauruhusiwi kuzidi kilobaiti 13. Ni mdogo kuliko picha moja ya simu.

PuzzleScript ya Stephen Lavelle, programu ya kutungia mafumbo iliyotoka mwaka 2013, imezaa mamia ya mafumbo ya kusukuma maboksi yenye kanuni za kushangaza. Yanafanana kwa vidhibiti: mishale ya kusogea, X ya kutenda, Z ya kurudisha hatua, R ya kuanza upya. Rudisha hatua bila aibu. Mafumbo hayo yametungwa yakitegemea hilo. Na kwa wapenda kusoma, IFComp, shindano la hadithi za kuchezwa linalofanyika kila mwaka tangu 1995, huweka kazi zake bure, nyingi kwa Kiingereza.

Michezo mingi ya zamani ya kivinjari ilitegemea programu ya Flash, ambayo ilikoma rasmi tarehe 31 Desemba 2020. Leo michezo hiyo inachezwa kupitia Ruffle, programu inayoiga Flash, au kwenye hifadhi ya Internet Archive. Kwa hiyo tovuti yoyote inayokutaka usakinishe Flash Player ifunge papo hapo. Kinachosakinishwa si Flash. Ondoka pia panapotakiwa ruhusa ya kukutumia arifa au namba ya kadi ya benki ili kucheza kitu "cha bure". Na faili la kuendeshwa kwenye kompyuta kutoka kwa mtu usiyemjua liache, hasa kama mchezo uleule unapatikana kwenye kivinjari.

Kuchapa na kukata

Wabunifu wengi huweka michezo yao bure kama faili za kuchapa. Kinachoharibu kazi ni printa kupunguza ukubwa bila kukuuliza. Chagua uchapaji wa asilimia 100, chapa ukurasa mmoja tu, na upime kadi kwa rula: ya kawaida ni milimita 63 kwa 88. Ikiwa imepungua hadi 61, printa imebana ukurasa. Faili nyingi zimepangwa kwa karatasi ya Marekani ya milimita 216 kwa 279, wakati A4 ni 210 kwa 297, lakini kadi 9 katika safu 3 zinachukua 189 kwa 264 na zinaingia kwenye zote mbili.

Kwa kadi, karatasi ya gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba inatosha. Kwa vigae, gundisha karatasi juu ya kadibodi ya milimita 2. Gundi ya maji hukunja karatasi. Tumia ya kijiti, ipake mpaka kwenye kingo, kisha weka vitabu vizito juu yake usiku kucha. Kata kwa kisu kikali na rula ya chuma, ukipitisha mara nne au tano kwa mkono mwepesi. Anayelazimisha kwa mkupuo mmoja hupata kingo zilizopinda, na rula humteleza ikielekea vidoleni.

Kama huna printa, tengeneza pentomino. Ni vipande 12, kila kimoja miraba 5 iliyoungana kwa pande, na hakuna vipande viwili vyenye umbo moja hata ukikigeuza kimoja chali. Vinajulikana kwa herufi vinavyofanana nazo: F, I, L, N, P, T, U, V, W, X, Y, Z. Chora kwa miraba ya sentimita 2 na ukate. Ukiishia na 11 au 13, ama umesahau kimoja, ama umekata F au Y mara mbili, moja ikiwa kivuli cha nyingine kwenye kioo. Pande zote mbili ziwe za rangi moja, kwa sababu kugeuza chali kunaruhusiwa na rangi mbili humfanya mtu asite.

Vipande vyote vinafunika miraba 60. Anza na mstatili wa 6 kwa 10, wenye majibu 2,339, na utashangaa jinsi unavyoweza kukaa saa nzima bila kupata hata moja. Weka X mapema, maana ndicho kipande kisichopenda kona, na utunze P na L kwa mwisho kwa kuwa zinaingia popote. Kila ukibakiza nafasi iliyojitenga, hesabu miraba yake; isipogawanyika kwa 5, rudi nyuma bila kupoteza muda. Kisha nenda kwenye 5 kwa 12, yenye majibu 1,010, na 4 kwa 15, yenye 368. Mstatili wa 3 kwa 20 una majibu 2 tu.